Kuirudishia Ndege Ndogo Rangi Yake



Leo nataka kusema nanyi juu ya kazi moja ambayo watu wengi hawaijui wala hawaifikirii, nayo ni kazi ya kuosha ndege ndogo iliyopauka rangi na kuirudishia mng'ao wake. Najua kwamba mtu aliyeketi barazani kwake Konde au Kengeja aweza kuuliza, "Mimi nina mikarafuu yangu, na ng'ombe wawili, na baiskeli moja. Ndege yanihusu nini?" Namjibu kwamba yamhusu kwa njia mbili. Kwanza, ndege ndogo zinazotoka Unguja, Dar es Salaam na Tanga na kushuka katika kiwanja chetu karibu na Chake Chake huwachukua ndugu zetu, na siku moja zaweza kumchukua yeye mwenyewe au mwanawe. Basi uzima wa ndege ni jambo lake. Pili, jua lile lile na chumvi ile ile viharibuvyo rangi ya ndege ndivyo viharibuvyo baiskeli yake, bati la nyumba yake na mashua ya jirani yake. Ajuaye kukitunza kimoja amekwisha kujua njia ya kuvitunza vyote.

Tena nataka mshike neno moja tangu mwanzo, maana ndilo shina la mazungumzo yote. Rangi ya ndege si pambo, ni nguo. Na mtu aishikaye nguo hiyo kwa mikono yake, akaifuta shubiri kwa shubiri, huuona mwili wa ndege kwa karibu kuliko abiria, na mara nyingine kuliko rubani mwenyewe. Kwa hiyo kazi yake si ya mikono tu. Ni kazi ya macho, na ni kazi ya uaminifu.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wa pwani hawakuacha chombo kikae majini hivi hivi. Walikipandisha pwani, wakakikwangua, wakakipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa sehemu ya chini ili wadudu wa bahari wasitoboe mbao. Na sehemu ya juu wakaipaka sifa, yaani mafuta ya papa, ili jua lisipasue mbao. Harufu yake ilikuwa kali, lakini chombo kiliishi. Nao hawakupaka kwa ajili ya kupendeza machoni pa watu. Walijua kwamba chombo kisichopakwa huanza kufa kabla ya mwenyewe kutambua.

Na ndege za kwanza zilizofika pwani hii zilikuwa na shida iyo hiyo. Katika mwaka 1929 bibi mmoja aliyekaa Kenya, jina lake Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi iitwayo Wilson Airways. Katika miaka iliyofuata, kabla ya vita vilivyoanza mwaka 1939 kuikomesha kazi hiyo, ndege zake zilifika Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Ndege za namna ile, kama ile iliyoitwa Gipsy Moth, hazikuwa na mabawa ya madini. Mabawa yake yalikuwa viunzi vya mbao vilivyovikwa kitambaa. Kitambaa hicho kilipakwa maji mazito yaliyotengenezwa kwa selulosi, nacho kilipokauka kilikazika kama ngozi ya ngoma. Kisha kilipakwa tabaka nyingine iliyotiwa unga wa aluminiamu, na kazi ya unga ule ilikuwa kulizuia jua. Maana jua likipenya, kitambaa huoza. Na kitambaa kikioza, bawa halina nguvu tena. Kwa hiyo tangu siku zile mafundi walijua kwamba rangi ya ndege inalinda maisha ya watu.

Ndege nyingi ndogo tunazoziona siku hizi hapa Pemba ni za bati la aluminiamu. Iliyo maarufu sana ni ile iitwayo Cessna Caravan, yenye rafadha moja puani na mabawa juu ya chumba cha abiria. Ndege ya kwanza ya namna hiyo iliruka mwaka 1982. Aluminiamu haipati kutu nyekundu kama chuma, na kwa sababu hiyo watu wengine hudhani kwamba haiharibiki. Sivyo. Aluminiamu hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba sana usioonekana, nao utando huo huilinda. Lakini chumvi ya bahari huutoboa utando ule, na hapo madini huanza kuliwa, yakatoa unga mweupe kama unga wa muhogo. Sisi tu watu wa kisiwa. Upepo wa kusi na upepo wa kaskazi yote miwili hutoka baharini, nayo huleta chumvi hata mahali mtu asipoiona bahari. Basi rangi ndiyo inayosimama kati ya chumvi na bati.

Sasa tuulize, rangi hupauka kwa nini?

Rangi yoyote ya kupaka ina vitu viwili vikubwa, unga na gundi. Unga ndio uletao weupe, au wekundu, au buluu. Gundi ndiyo iushikayo unga ule, chembe kwa chembe, na kuugandamiza katika bati. Na rangi inapokuwa mpya, gundi hiyo huwa laini juu yake kama kioo, na ndiyo sababu hung'aa. Lakini katika mwanga wa jua mna miale ambayo macho yetu hayawezi kuiona, nayo ina nguvu kubwa. Miale hiyo huikata gundi vipande vipande, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Joto la mchana na umande wa usiku husaidia kazi hiyo. Gundi ikifa, chembe za unga hubaki juu bila mshikaji. Ukipitisha kidole, kidole hutoka na vumbi kama la chaki ya ubaoni. Na kwa kuwa uso wa rangi sasa una vishimo na mikwaruzo midogo isiyohesabika, mwanga ukiupiga hautawanyiki kwa utaratibu, bali huruka huku na huku. Ndipo macho yetu huona wepesi na weupe mahali palipokuwa na rangi nzito.

Kisiwa chetu kiko karibu na daraja ya 5 kusini ya ikweta. Mara mbili kila mwaka, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya vichwa vyetu, na katika miezi mingine halitoki mbali. Basi mgongo wa ndege na upande wa juu wa mabawa hupokea jua jingi kuliko ubavu wake, na hapo ndipo panapopauka kwanza. Tumbo la ndege halipati jua, lakini hupata moshi, mafuta, na vumbi la kiwanja.

Wanafunzi, msiyakubali haya kwa sababu mwalimu ameyasema tu. Jaribuni wenyewe. Twaeni vifuniko viwili vya kopo, mvipake rangi moja nyekundu kutoka katika mkebe mmoja. Kimoja kiwekeni juu ya paa la shule, na cha pili ndani ya kabati. Viacheni hivyo tangu kiangazi cha kaskazi hata masika yaishe, kisha mviweke pamoja juu ya meza. Tena kisugueni kila kimoja kwa kitambaa cheusi kilicholowa maji. Mtaona kwa macho yenu kazi ya jua, na hamtaisahau.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni ruhusa na matayarisho. Hakuna mtu aendaye kwenye ndege na ndoo yake kwa kujipendea. Sharti fundi mwenye cheti ajue, na aseme lipi lifanywe na lipi lisiguswe. Ndege huwekwa kivulini, ikiwezekana ndani ya banda, au kazi hufanywa alfajiri au jioni bati likiwa limepoa; maana bati likiwa moto, sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa, ikaacha madoa. Moto na sigara viwe mbali, kwa kuwa ndani ya mabawa mna mafuta. Rafadha isigeuzwe kwa mkono hata kidogo. Injini za namna nyingine zaweza kuwaka kwa mzunguko mmoja tu, na rafadha haimjui mtu.

Kisha huja jambo kubwa kuliko yote, na nitalirudia mwishoni. Ndege ina mrija mdogo unaotazama mbele, upokeao upepo, nao ndio umjulishao rubani mwendo wake. Tena ubavuni ina vitundu vidogo sana, vidogo kuliko punje ya mtama, ambavyo huipima hewa iliyotulia na kumjulisha rubani yuko juu kadiri gani. Maji, sabuni au nta vikiingia humo, saa za rubani husema uongo. Kwa hiyo vitundu hivyo hufunikwa kabla ya kuosha. Lakini vifunikwe kwa vifuniko vyenye rangi kali na utepe mrefu mwekundu unaopeperuka, visifunikwe kwa kitu cheupe juu ya bati jeupe, ambacho jicho lililochoka halitakiona. Na kila kifuniko kiandikwe katika daftari: kimewekwa wapi, na kimewekwa na nani.

Hatua ya pili ni kuosha. Maji yawe matamu. Maji ya visima vingine vilivyo karibu na pwani yana chumvi, na kuosha ndege kwa maji hayo ni kumpaka mgonjwa ugonjwa wake. Kwanza mwaga maji mengi bila kusugua, ili mchanga uondoke. Maana punje moja ya mchanga chini ya kitambaa hukwaruza kama msasa. Kisha tumia sabuni isiyo kali. Msitumie magadi, wala majivu, wala dawa ya kufulia nguo nyeupe. Kila mama wa nyumbani ajua kwamba sufuria ya aluminiamu iliyopikiwa magadi hugeuka nyeusi. Basi bati la ndege ni ndugu wa sufuria ile, na magadi huwala wote wawili. Wala msitumie nyuzi za chuma za kusugulia vyombo, kwa sababu vipande vyake vidogo hubaki katika bati, na palipo na chuma na aluminiamu na unyevu wa chumvi pamoja, aluminiamu huliwa upesi.

Sabuni hupakwa kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasifanye michirizi juu ya mahali pakavu. Lakini kusuuza huanzia juu na kushuka chini. Magurudumu na breki hufunikwa yasilowe sabuni. Na madirisha yana sheria yake peke yake. Madirisha ya ndege ndogo si ya kioo, ni ya plastiki ngumu, nayo huchukia petroli, spiriti na dawa nyingi za kusafishia vioo. Zikiiguza, hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na rubani akilitazama jua la jioni haoni kitu. Yaoshwe kwa maji mengi na kiganja cha mkono mtupu, maana kiganja huhisi mchanga ambao kitambaa hakiuhisi. Kisha yakaushwe polepole kwa pamba safi laini.

Hatua ya tatu ni kutazama. Ndege ikisha kuwa safi, weka chini ndoo na uizunguke taratibu. Watu wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo yenye thamani. Tazama kama rangi imevimba kama lengelenge. Tazama kama kuna michirizi myembamba iliyojipinda chini ya rangi, kama njia ya mnyoo mchangani. Tazama kama unga mweupe watoka kwenye kingo za mabati. Hizo ni dalili kwamba chumvi imekwisha kupita chini ya nguo na kufika mwilini. Tazama pia vichwa vya ribiti, yaani ile misumari midogo ibanayo mabati pamoja. Kama nyuma ya kichwa cha ribiti kuna doa jeusi lililovutika kama moshi, usilifute ukaendelea. Doa hilo laweza kuwa unga wa madini uliosagwa na ribiti iliyolegea, inayocheza kila ndege irukapo. Ukilifuta umefuta barua aliyoandikiwa fundi. Mwite aisome kwanza.

Na mtu asiseme, "Mimi ni mwoshaji tu, nani atanisikiliza?" Tarehe 28 Aprili 1988 ndege kubwa ya kampuni ya Aloha ilikuwa ikiruka kati ya visiwa vya Hawaii, katika hewa ya bahari kama hewa yetu. Ndege hiyo ilikuwa imesafiri safari fupi fupi kwa miaka mingi, zaidi ya safari 89,000, na viungo vya mabati yake vilikuwa vimeachana na kupata nyufa, na kutu ya chumvi ikasaidia. Ilipokuwa juu sana angani, sehemu kubwa ya paa lake ilipasuka ikang'oka. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo akafa. Marubani, kwa ushujaa mkubwa, wakaishusha ndege pamoja na abiria wote wakiwa hai. Wachunguzi walipouliza, abiria mmoja alisema kwamba alipokuwa akipanda aliuona ufa ubavuni mwa ndege, asimwambie mtu. Aliuona, akanyamaza. Si kosa lake, maana hakuwa mtu wa kazi. Lakini mwenye kitambaa mkononi ni mtu wa kazi, naye hana udhuru.

Hatua ya nne ni kusugua, na hapo ndipo rangi hurudi. Neno "kurudi" lataka maelezo. Hatuongezi rangi, tunaondoa iliyokufa ili iliyo hai chini yake ionekane. Kila msuguo huchukua kitu ambacho hakitarudi tena. Rangi ya ndege ni nyembamba, yapata unene wa karatasi tu, na mwenye kusugua bila kipimo atafika kwenye rangi ya msingi, kisha kwenye bati lenyewe.

Kwa hiyo anza na dawa iliyo laini kuliko zote. Zipo dawa za kung'arishia ziuzwazo kwa kazi ya ndege, zenye unga laini sana wa kukwangua; nyingine ni laini kama dawa ya meno, nyingine ni kali zaidi. Chagua mahali padogo pasipoonekana sana, upana wa kiganja, ujaribu hapo. Kama ile laini yatosha, usitafute kali. Kitambaa kiwe cha pamba safi, tena kigeuzwe mara kwa mara, maana kikijaa rangi iliyokufa hukwaruza iliyo hai. Ukiona kitambaa kimegeuka chekundu juu ya mstari mwekundu, usishtuke. Ni tabaka iliyokufa inayotoka. Lakini ndege nyingine zimepakwa juu ya rangi vanishi isiyo na rangi. Hapo kitambaa hakitageuka, nawe wasugua vanishi. Fanya eneo dogo, kama futi mbili kwa mbili, ulimalize kabla ya kwenda jingine. Mkono uwe mwepesi kwenye kingo na juu ya vichwa vya ribiti, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba kuliko mahali pengine. Ukiwa na mashine ya kuzungusha, ujue kwamba mashine hufanya kazi kwa dakika moja iliyo ya mkono kwa saa nzima, na huharibu kwa dakika moja vile vile.

Mng'ao ukianza kuonekana, acha. Usitake ndege ya miaka mingi ing'ae kama iliyotoka kiwandani jana. Tamaa hiyo imemaliza rangi nyingi.

Hatua ya tano ni kulinda. Rangi iliyosuguliwa ni kama ngozi iliyotoka kidonda kupona. Haina budi kufunikwa. Nta nzuri, au dawa nyingine ya kulinda rangi, hupakwa nyembamba, ikaachwa, kisha ikafutwa kwa kitambaa kikavu. Mwaga maji kidogo juu yake. Yakijikusanya matone ya mviringo kama umande juu ya jani la mgomba, ulinzi upo. Yakitandaa, haupo, na kazi irudiwe. Katika kisiwa chenye jua na chumvi kama hiki nta haikai muda mrefu; na kinga iliyo bora kuliko nta zote ni kuisuuza ndege kwa maji matamu mara kwa mara na kuiweka chini ya paa.

Sasa mtu ataniuliza, "Na kama rangi imekufa kabisa?" Ukisugua na mng'ao hauji, au rangi ya msingi yaonekana, ujue kwamba kusugua kumekwisha. Ndege hiyo yataka kupakwa upya, nayo ni kazi ya mafundi wenye cheti. Wala msidhani kwamba sehemu ndogo yaweza kupakwa kwa brashi na mkebe wa dukani. Yapo mabawa madogo yanayochezacheza nyuma ya bawa kubwa na mkiani, ambayo rubani huyatumia kuigeuza ndege. Hayo yamepimwa uzito kama mizani ya dhahabu. Rangi nzito ikiongezwa juu yake bila kupimwa tena, yaweza kuanza kutetemeka ndege iendapo kasi, na mtetemeko huo waweza kuyavunja. Tabaka moja ya rangi, wasikilizaji wangu, yaweza kuiangusha ndege. Ndiyo maana nilisema si pambo.

Nimefika mwisho wa kazi, na hapa narudi kwenye vile vifuniko.

Usiku wa tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya kampuni ya Aeroperú iliondoka Lima, mji mkuu wa Peru, kwenda Santiago katika nchi ya Chile. Ilikuwa imetoka kuoshwa na kung'arishwa. Wakati wa kuiosha, vile vitundu vya ubavuni vilizibwa kwa utepe wa gundi, kama ilivyopasa vilindwe. Na kazi ilipokwisha, utepe haukuondolewa. Mwoshaji hakuuona, msimamizi hakuuona, rubani aliyeizunguka ndege gizani hakuuona. Ndege ilipopaa, saa za kimo na za mwendo zilianza kusema mambo yasiyopatana. Marubani walihangaika juu ya bahari yenye giza, hawajui wako juu kadiri gani, hata ndege ikagusa maji ikazama. Watu 70 walikuwamo, na wote 70 walikufa. Injini zilikuwa nzima. Mabawa yalikuwa mazima. Rangi ilikuwa safi.

Tena katika mwaka uo huo, tarehe 6 Februari, ndege nyingine iliyotoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, ilianguka baharini na watu 189 wakafa, kwa sababu mrija mmoja wa kupimia mwendo ulikuwa umeziba. Ndege hiyo ilikuwa imekaa siku kadhaa bila mirija yake kufunikwa, na wachunguzi waliona kwamba yaelekea ni nyigu aliyejenga kiota ndani. Sisi twawajua nyigu wetu, jinsi wanavyoziba hata tundu la kufuli kwa udongo. Basi tazameni hatari ilivyo pande mbili: yule aliacha kifuniko kilichopasa kuondolewa, na huyu hakuweka kifuniko kilichopasa kuwekwa. Dawa ya mambo yote mawili ni moja, nayo haiuzwi dukani. Ni daftari na mtu wa pili. Aliyeweka vifuniko 6 aondoe vifuniko 6, avihesabu mkononi, atie alama katika daftari. Na mtu mwingine, ambaye hakuosha, aizunguke ndege kwa macho yake na kutia sahihi yake. Asione haya kumkagua rafiki yake, wala rafiki asione kwamba ametukanwa.

Wasikilizaji wangu, wachache miongoni mwenu watapata kuishika ndege. Lakini kijana akipata kazi hiyo, aende akijua kwamba amepewa kazi ya heshima, ijapokuwa watu watamwona na ndoo na tambara tu. Na ninyi wengine, yatazameni ya nyumbani. Baiskeli iliyopita pwani isuuzwe kwa maji matamu jioni ile ile. Mlango wa shule uliopauka usipakwe rangi mpya juu ya vumbi la rangi iliyokufa, maana rangi mpya itashika vumbi, isishike mlango, na masika yakija itabanduka yote. Ondoeni kwanza kilichokufa. Anzeni na kilicho laini. Jaribuni mahali padogo. Mkifika kwenye uzima, acheni, kisha mlinde. Na mkiona doa msilolijua, msiliharakishe kulifuta. Ulizeni limetoka wapi.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba kabla ya kuziba ufa yahitajiwa mtu wa kuuona, na baada ya kuuona yahitajiwa aseme.

 Kwaherini, na Mungu awalinde nyote wasafirio kwa bahari na kwa anga.